Mtoto wa Kuitwa Tena

Asubuhi ile niliamka Randburg, Johannesburg, kwenye kochi la Mkenya mmoja anayefanya kazi benki, nikatia mswaki na shati la pili kwenye mfuko, nikatoka. Hatukuwa tumegombana. Mwenyeji wangu alikuwa mtu mwema, na watoto wake walinijibu kwa Kiingereza kila nilipowasalimia kwa Kiswahili, bila ubaya wowote. Tatizo lilikuwa kwamba nimeanza kujua vipindi vyao vya televisheni, kipi kinafuata kipi. Nikifika hapo huwa naondoka. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule kule Kigoma, kabla ya kumaliza darasa la saba: mguu unawasha kabla kichwa hakijaamua.

Nilipanda teksi, daladala ya huku, ya kwenda mjini kwa sababu ndiyo iliyosimama. Mjini nikashika Jules Street kuelekea mashariki kwa sababu barabara ile imenyooka, na mtu asiye na mpango hupenda barabara isiyomuuliza maswali. Nilipita maduka ya matairi, friji za mitumba zilizopangwa nje kama watu wanaosubiri kazi, magodoro, saluni, makanisa yaliyokuwa zamani maduka ya fenicha. Robot, taa za barabarani, zilikuwa zimekufa, umeme hakuna, na magari yalipishana kwa kutazamana machoni. Nilipofika Malvern zipu ya mfuko wangu ikaachia, na shati la pili likatoka kuangalia dunia.

Hapo hapo palikuwa na duka la fundi cherehani. Lilikuwa jembamba kama korido: upande mmoja fundi na mashine yake ya kukanyaga kwa miguu, upande wa pili msusi na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Vitenge vilining'inia hadi mlangoni. Nikasalimia, nikasema, "Naomba unitengenezee zipu."

Fundi hakuinua macho. "Weye ni wa Tanzania."

"Umejuaje?"

"Unasema naomba. Mutu anakuja na kazi yake, na bado anaomba."

"Basi muulize huyu," msusi akamwambia fundi. "Huyu iko na Kiswahili ya vitabu. Uache kunisumbua mie."

Fundi akauweka mfuko wangu magotini, akaivuta zipu kidogo, akaiacha. "Kaka, mutoto akiitwa Tena, weye unasikia nini?"

"Nasikia tena."

"Unaona," akamwambia msusi.

"Mi nasikia mutoto mwenye mama yake anapenda," msusi akasema. "Weye peke yako njo unasikia kaburi."

Sikuelewa, na mimi nisipoelewa siwezi kuondoka. Nikavuta stuli. Nikauliza ni mtoto gani, na nani anataka aitwe hivyo.

"Mutoto yangu," fundi akasema. "Bibi anapenda hiyo jina. Baba njo alileta."

Nikapanga watu kichwani: bibi mmoja, baba mmoja, na huyu mbele yangu. "Bibi huyo ni wa upande wako au upande wa mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ana pua ngapi. "Bibi yangu. Mi niko na bibi mumoja."

"Na baba yako yuko hapa Johannesburg?"

"Baba yangu alikufia Bukavu. Kitambo."

"Lakini umesema baba ndiye aliyeleta jina."

"Baba si mwanaume," fundi akasema kwa uvumilivu. "Baba ni mumama muzungu. Mwenye nyumba."

Msusi alicheka mpaka akaachia nywele za mteja, na mteja, Mzulu asiyejua tulichokuwa tukisema, akacheka pia. Ilichukua muda kunyoosha mambo. Kwao Bukavu bibi ni mke. Hilo niliwahi kulisikia nikalisahau. Na Baba ndivyo alivyojitambulisha mama mwenye nyumba wanamopanga, mwanamke mzee kutoka Kroatia, aliyekuja nchi hii akiwa msichana. Kwao baba ni nyanya, mama wa mzazi wako. Wapangaji walipomwita Madam alikataa, akasema yeye ni Baba, na tangu hapo kila asubuhi mwanamume mzima wa Bukavu hufungua mlango wake na kusema, "Jambo, Baba," kwa mwanamke mwenye ndala na mbwa mdogo.

Kumbe basi: mke wa fundi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na bikizee wa Kroatia alikuwa amependekeza jina, na jina lenyewe ni Tena.

Nikacheka. Fundi hakucheka.

"Iko mwingine alikuwa mbele yake," akasema. "Wa kike vile vile. Hakufika kukaa." Akaonyesha kwa kiganja, akimaanisha mtoto hakufikia umri wa kukaa mwenyewe. "Sasa Dimanche kanisani, pastere atainua huyu mbele ya batu. Atasema jina: Tena. Na kanisa yote itaitika: Tena. Mi nitasimama pale nasikia kanisa muzima inaomba irudie."

Msusi akaacha mzaha. Akarudi kwenye nywele za mteja.

Alichotaka fundi ni mtu wa kumsemea. Yule bikizee hakuwa mtu wa kukataliwa hivi hivi. Ndiye aliyempeleka mkewe kliniki, ndiye aliyempikia supu ya kuku yenye tambi akiwa kitandani. "Kumukatalia jina ni sawa kumurudishia sahani na chakula ndani," akasema. Mke asingeweza kutafsiri, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, na zaidi ya hapo mke alikuwa upande wa pili: alikwisha kumpenda mtoto kwa jina hilo. Na yeye mwenyewe, "English yangu ni ya kupima kiuno tu."

Mimi si mkalimani. Kiingereza changu nimekiokota kwenye magereji na bandarini, na kina matundu. Lakini sikuwahi kukutana na mtu wa Kroatia, na nilitaka kujua watu wanaoita nyanya Baba huwaitaje baba zao. Nikakubali. Fundi akaiziba zipu yangu kwa mishono michache, msusi akabaki na duka, nasi tukapandisha mlima kuelekea Kensington.

Nyumba ilikuwa ya zamani, bati jekundu, ukumbi wa mbele wenye nguzo, na nyuma vyumba viwili vilivyojengwa pamoja. Tulipita mlango wa jikoni. Mke wa fundi alikuwa mezani, mtoto amelala kifuani mwake ndani ya kitenge. Bikizee alikuwa amesimama kwenye jiko akikoroga kahawa kwenye kibirika chenye mkono mrefu. Alikuwa na mikono mikubwa kuliko ya fundi.

"Habari, dada," nikamwambia mke.

"Muzuri." Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaelewa mara moja. "Umemuleta avoka wa kukusemea."

"Mugeni tu," fundi akasema.

Bikizee akatumiminia kahawa bila kuuliza. Hapo nilipaswa kuanza kazi. Lakini mimi nikiona mtu wa mbali mdomo hunitangulia. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu, majina ya kwao yana maana kama ya kwetu, au ni sauti tu?

Akavuta kiti. Swali lilimpendeza. Akasema yapo yenye maana. Zora ni alfajiri. Nada ni tumaini. Zlata limetoka kwenye dhahabu. Jagoda ni lile tunda jekundu, stroberi. Nikawatafsiria wengine, na mke wa fundi akawa anaitikia kwa kichwa. Tumaini? Kwao Bukavu wamejaa. Alfajiri? Yupo Asubuhi, shangazi yake mmoja. Ilikuwa kama watu wawili wanaofunguliana makabati na kukuta vikombe vilevile.

"Na ya kijijini kwetu," bikizee akaendelea, "ya wasichana wa zamani: Jana. Mara. Kata."

Nikashindwa kutafsiri. Nikamwambia fundi, "Anasema kwao wasichana huitwa Jana, Mara na Kata."

"Kata?" fundi akasema. "Nikate nini?"

"Ni jina."

"Na huyo mwingine amezaliwa jana?"

"Hapana, anaitwa Jana."

"Na shemeji yangu," bikizee akasema, akidhani tunafurahia, "marehemu mume wangu alitoka pwani, kaka yake aliitwa Mate."

Mke wa fundi akaficha uso kwenye kitenge. Nilimwona mabega yakitikisika. Mwanamume mzima, mwenye mashua labda na wajukuu, anaitwa Mate. Bikizee akatazama huku na huku, akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia kwamba kwetu jina hilo ni maji ya mdomoni. Na Jana ni siku iliyopita, na Mara ni ghafla, au ni hesabu ya kitu kurudia, inategemea. Kata ni amri kwa mtu mwenye mkasi. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Shemeji alitema sana, ni kweli."

Fundi akanigusa mguu chini ya meza.

Basi nikakohoa, nikaanza. Nikasema baba wa mtoto anashukuru, anamheshimu, haijawahi kutokea mwenye nyumba kama yeye, lakini jina alilompa mtoto ni zito kwake. Bikizee akaweka kikombe chini. Akauliza zito vipi. Nikasema, kwa Kiswahili, tena ni kitu kutokea mara ya pili.

Akafikiri. "Lakini hilo ni zuri," akasema. "Mtoto kwa mara ya pili."

Nikatafsiri.

"Mwambie kaburi nayo inaweza kuwa mara ya pili," fundi akasema.

Mke akawahi kumjibu mumewe kwa Kiswahili, taratibu, asimwamshe mtoto. "Mi nilisikia vile anasema. Mungu amekupa tena. Nilikuwa kwa kitanda, akaingia, akamwangalia mutoto, akasema: Tena. Nikalia. Mi nilijua amejifunza Kiswahili juu yangu. Neno moja, lakini alitafuta ile yenye nilikuwa nataka."

Bikizee alitaka kujua kilichosemwa. Nikamwambia. Nilimweleza kwamba mke alidhani amejifunza Kiswahili ili amwambie maneno yale.

Nyama za uso wake zilibadilika polepole. "Mimi sijui neno hata moja la Kiswahili," akasema. "Tena ni kifupi tu. Kinatoka kwenye jina la mtakatifu, refu, lililofupishwa. Halina maana yoyote. Alipolia nilifikiri amelipenda."

Niliyatafsiri hayo vibaya, nusu nusu, kwa sababu nilikuwa nikimtazama mke. Alishika kichwa cha mtoto kwa kiganja. "Kumbe hakusema tena," akasema. "Alisema jina tu."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nilikuwa nimekuja kumsaidia mume akatae, na sasa aliyekuwa akilitetea jina ndiye niliyemnyang'anya. Kama ningekuwa na akili ningefurahi kwa niaba ya mteja wangu. Nilijisikia kama mtu aliyetumwa kufungua mlango akang'oa ukuta.

Bikizee aliona jina linaondoka, akataka kuleta jingine. Akasema kwao mtoto aliyetanguliwa na kifo huwa na majina yake maalumu. Wa kiume waliitwa Vuk, mbwa mwitu, ili wachawi wawaogope. Fundi aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Akasema hata kwao wapo waliowaita watoto Takataka, ili kifo kisiwatamani. Hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana bila mimi kulivuruga.

"Na wa kike?" nikauliza.

"Wa kike, Stana. Maana yake simama, kaa, usiende."

"Satana?" fundi akasema.

"Stana."

"Kaka, mwambie nashukuru. Lakini pastere akisema hiyo kanisani, batu batakimbia."

Nikamweleza. Bikizee akarudia polepole, Stana, Satana, akajisikiliza, akaliweka kando kama embe lililooza.

Mbwa alizunguka, akalala. Fundi alikuwa akizungusha kikombe chake. Nilifikiri anatafuta namna ya kuaga. Badala yake akasema, "Muulize. Hiyo jina alitoa wapi? Nani aliibeba?"

Nikauliza. Bikizee akasema ni jina la dada yake mkubwa.

"Alikufa na umri gani?"

Nikatafsiri. Bikizee akashtuka. "Nani amesema amekufa?"

Fundi hakungoja tafsiri. Nadhani alisoma uso. "Iko muzima?"

Hapa nisimame kidogo kwa wasomaji wa kwetu, ingawa mnajua. Mtoto hapewi neno, hupewa mtu. Wajina wake humfuata. Akiwa mkali mtoto huwa mkali, akiwa wa kufa mapema ndugu hunong'ona. Fundi alikuwa amehangaika siku zote na neno, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya neno kulikuwa na mtu anayepumua. Bikizee kwa upande wake hakuona sababu ya kusema. Kwake dada alikuwa ni dada.

Akachukua simu, akaipiga kwa video, akaisimamisha kwenye bakuli la sukari. Iliita sana. Mwishowe lilitokea paji la uso, kitambaa cheusi cha kichwani, na nyuma yake miti yenye majani machache na kuku. Mwenye paji hilo alikuwa hasikii vizuri. Alipiga kelele, na mdogo wake akapiga kelele, na mtoto akaamka, akaangalia mambo bila kulia. Lugha yao ilinipita kama treni. Nilikamata neno moja tu, Tena, lililorudi na kurudi, na kila liliporudi sikujua ni la nani: la ajuza mwenyewe, la mtoto, au lile la kwetu ambalo bikizee alikuwa akijaribu kulieleza.

Fundi aliinama hadi karibu na simu. "Jambo, mama."

Paji la uso likashuka, jicho moja likamtazama.

"Anakula?" fundi akaniuliza, na mimi nikamuuliza bikizee.

"Huyo? Anakula kuliko wanaomlisha."

"Analala?"

"Anakoroma. Tulilala kitanda kimoja miaka mingi, mimi ndiye shahidi."

"Aliwahi kuugua sana?"

Bikizee akamuuliza dada yake kwa sauti ya kuamsha mtaa. Jibu lilikuwa refu, na lilipoisha bikizee alikuwa akifuta macho kwa kucheka. "Anasema amezika waume wawili, na daktari aliyemwambia aache chumvi."

Nilimtafsiria fundi neno kwa neno, safari hii bila tundu. Alikaa nyuma kwenye kiti. Kisha akamchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akamwinua mbele ya simu, akamshika hivyo kwa muda mrefu. Yule ajuza kule alisogea karibu, sasa tukaona mdomo tu, usio na meno, ukisema maneno ambayo bikizee hakuyatafsiri.

"Basi," fundi akasema. "Ni huyu."

"Unasema nini?" mkewe akamuuliza.

"Nasema jina ni ya huyu mama. Si ya kurudia. Ni ya huyu."

"Na mi nilikuwa naitaka juu ya kurudia," mke akasema. "Sasa umeichukua kwa njia yako."

"Si ni jina moja?"

"Moja kwako."

Hakukasirika. Alisema kama mtu anayepima kitambaa na kukikuta kifupi kidogo, kinachotosha lakini si kama alivyodhani. Alimchukua mtoto wake, akamrudisha kitengeni. Wote watatu walikuwa wamekubaliana sasa juu ya jina, na nilijaribu kuhesabu ni majina mangapi waliyokubaliana. Kwa bikizee lilikuwa kifupi cha mtakatifu. Kwa mume lilikuwa ajuza anayekula chumvi. Kwa mke, sijui. Labda bado lilikuwa lile neno alilolisikia kitandani, hata kama hakuna aliyelisema. Jumapili mchungaji atasema mara moja na kanisa litaitika mara moja, na hakuna atakayejua ni lipi limeitikiwa.

Bikizee aliniuliza nalala wapi. Nikamwambia bado sijajua. Hakushangaa. Alisema yeye naye alifika nchi hii hajajua, akachukua ufunguo ukutani, akaniongoza uani. Chumba cha pili kilikuwa wazi, mpangaji wake aliyekuwa mlinzi alikuwa amehamia Cape Town. Kulikuwa na kitanda, kiti, dirisha linaloangalia kamba ya nguo. Akasema nikae wiki hii tuone. Halafu akasimama mlangoni, akauliza jina langu lina maana gani, na nani alilibeba.

Nikamwambia ni la babu mmoja aliyekufa kabla sijazaliwa. Watu walisema hakuwahi kukaa sehemu moja. Maana yake sikuwahi kuuliza.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na mbwa wake.

Nikakaa kitandani. Jua la alasiri lilikuwa bado juu ya nguo za mtoto zilizoanikwa. Ukuta kati yangu na chumba cha fundi ulikuwa wa mbao tu, na nilisikia viatu vyake, kisha kiti.

"Tena," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita mtoto.

"Tena nini?" mkewe akajibu kutoka uani.

"Namwita mutoto."

"Ah." Akachomoa kibanio cha nguo. "Mi nilidhani unaniambia kitu."